Ua la Mama Mkwe

Nilipofunga ndoa mwaka 2018, mama mkwe wangu wa Fizi alitupa zawadi tatu: mbuzi jike, mkeka, na kichipukizi cha ua kilichofungwa katika jani la mgomba. Kwa mbuzi na mkeka nilishukuru mara moja. Juu ya ua nilinyamaza, maana machoni pangu halikuwa ila majani marefu, mazito kama mikanda ya ngozi, wala hapakuwa na ua lolote.

Mmea huo huitwa klivia. Ni ndugu wa nyinyoro, ile nyekundu ichomozayo ardhini mvua za kwanza zinyeshapo. Lakini nyinyoro ina kitunguu chini, na majani yake hufa wakati wa kiangazi. Klivia haina kitunguu, ina mizizi minene myeupe kama vidole, ndiyo ghala yake ya maji, na majani yake hubaki mabichi mwaka mzima. Kwao ni misitu ya Afrika Kusini na Eswatini, ambako Wazulu huiita umayime. Jina la klivia ililipewa mwaka 1828 na Mwingereza John Lindley, kwa heshima ya Charlotte Clive, bibi wa ukoo mkubwa wa kwao. Habari hizo nilizisoma kwa furaha, nikawaeleza na wanafunzi wangu.

Wakati huo nilifundisha Baraka, nasi tulikaa si mbali na ziwa. Mke wangu alitaka kuupanda mmea wake kivulini, nyuma ya jiko. Nikamkatalia. Mimi, mtu wa seminari, niliyesoma Kilatini miaka mingi, nifundishwe kupanda ua! Nikakata bidoni la njano la lita 20, nikalijaza udongo mweusi wa bondeni, ule mzito upendwao na mpunga, nikaliweka mbele ya mlango penye jua kali ili wapitao waone. Tundu chini sikutoboa, nikiogopa kuchafua baraza. Kisha nikamwagilia maji asubuhi na jioni, kwa bidii ambayo laiti ningaliitumia katika kusahihisha madaftari.

Baada ya miezi michache majani yakababuka, yakawa na mabaka meupe, kisha ya kahawia. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Siku moja nikalishika jani la katikati, likatoka lote mkononi mwangu, na harufu ya kuoza ikanijia puani. Mke wangu alitazama, akaingia ndani bila kusema neno. Jioni hakula. Nikamwambia, “Mama watoto, si ua tu?”

Ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwa amenieleza. Kabla yake yeye, mama yake alizaa mtoto wa kiume, akafa kabla ya kutimiza mwaka. Walimzika nyuma ya nyumba huko Fizi, chini ya mwembe, na mama akapanda klivia juu ya kaburi. Mwaka 1996 vita vilipofika, walikimbia, wakavuka ziwa hadi Kigoma, wakakaa miaka 10 katika kambi ya Nyarugusu. Waliporudi mwaka 2006, nyumba ilikuwa imeteketea, mabati na milango vimekwisha kuchukuliwa, msalaba wa mti haupo, na majani yamefunika kiwanja chote hata mtu asijue jiko lilikuwa wapi. Lakini chini ya mwembe klivia zilikuwapo, zimeongezeka na kuwa kundi zima. Mbuzi hawazigusi, kwa kuwa zina sumu. Mwizi hana haja nazo. Na kivuli cha mwembe ndicho wazipendacho. Kwa hizo mama alilijua kaburi la mwanawe.

Kutoka kundi hilo ndicho kilichotoka kile kichipukizi nilichokiozesha.

Majuma mawili baadaye mama mkwe alishuka Baraka kwa ajili ya soko. Kwa heshima ya ukwe hakunisemesha mimi, alisema na binti yake, kwa sauti ambayo niliisikia vema hapo nilipokaa: “Mwambie Mwalimu, ua hili si mpunga.” Kisha akaupindua mmea juu ya gunia, akakata kwa kisu mizizi yote iliyolainika, akapaka majeraha unga wa makaa, akauacha siku mbili kivulini ukauke. Mizizi mizima iliyobaki ilikuwa minne tu. Akaomba mkebe mdogo wa mafuta, nami safari hii nikatoboa matundu. Ndani tulitia changarawe, majani ya mwembe yaliyooza, vipande vya makaa, na udongo kidogo. Mkebe ulionekana mdogo mno. Kumbe klivia hupenda mizizi yake ibanane. Shingo ya majani isifukiwe, na maji yatolewe tu udongo wa juu ukiisha kukauka.

Mmea ukapona. Ila maua hayakuja, na mwaka wa pili yalipokuja yalikwama katikati ya majani, kama mtoto aliyejificha chini ya kitanda. Sababu yake ni joto. Baraka iko ukingoni mwa Tanganyika. Usiku wetu hauna baridi ya kutosha, na klivia bila majuma kadhaa ya baridi na ukavu hairefushi shina la maua. Fizi iko juu mlimani. Basi, mwanzo wa Juni uliofuata nilipanda kwa pikipiki, mkebe magotini, nikauacha kwa mama mkwe kiangazi chote. Dereva aliniuliza kama ni dawa. Mama aliunyima maji karibu kabisa, na mwezi wa Agosti akatuma habari: “Mje.” Tulikuta shina limesimama juu ya majani, na maua 13 ya rangi ya chungwa bivu, yenye njano kooni. Mke wangu aliyahesabu mara mbili.

Tangu hapo safari ya Juni naifanya kila mwaka. Maua yaliacha tunda jekundu, ambalo lilikaa karibu mwaka mzima kabla ya kuiva; mbegu zake tuliziweka juu ya udongo bila kuzifukia, zikaota tatu. Moja imekwenda chini ya mwembe, mbili ziko hapa Baraka. Hazitachanua kabla ya miaka kama minne. Binti yetu amejitwalia mmoja wa ile miwili, naye ameutobolea mkebe matundu kwa msumari, mengi hata udongo unamwagika.