Kabla Hujamfunga Mtu Kamba

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukagua kamba. Pale Nyarugusu, Geita, kila alfajiri kabla ya wachimbaji kushuka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, niliivuta kamba yote kutoka kwenye roda na kuipitisha kiganjani, macho nimeyafumba. Baba mdogo ndiye aliyenifundisha hivyo. Kamba ya duara hushika udongo kila siku, na udongo huficha uzi uliokatika, kiganja huugundua. Nikipata panapokwaruza, nilifunga kitambaa chekundu, na hakuna aliyeshuka hadi kipande kile kiondolewe. Wenye duara walinung'unika kwamba tunawachelewesha. Baba mdogo hakuwajibu. Aliketi juu ya magogo ya matimba, akasubiri.

Nilifanya kazi hiyo miaka sita. Mwaka 2009 nikavuka mpaka pale Sirari nikielekea Bonde la Kerio, Kenya, kwa kuwa nilisikia mgodi wa madini ya florispa wa Kimwarer unachukua vibarua. Sikupata kazi. Matatu ikanipandisha hadi Iten, mji wa wakimbiaji, ulioko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ukingoni kabisa mwa bonde. Siku ya pili nikaona watu wakikimbia kuelekea kwenye genge na kuelea. Juu yao palitanda bawa la nailoni lisilo na fito wala injini, limeshikwa na kamba nyembamba kuliko za kuanikia nguo. Waliliita paraglaida.

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa mashariki unapopiga ukingo ule, marubani huja kutoka Ulaya. Nikaanza kwa kuwabebea mizigo. Mzee mmoja Mjerumani, ambaye kwao kazi yake ilikuwa kukagua mabawa, aliniona nikipitisha kamba zake kiganjani macho nimefumba. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia: duarani. Msimu ule wote akanifundisha.

Alianza na karatasi. Ulaya kuna kiwango kiitwacho EN 926. Sehemu yake ya kwanza hupima uimara: kamba na mishono lazima istahimili mara nane ya uzito wa juu kabisa ulioruhusiwa. Sehemu ya pili hupima tabia ya bawa angani, na rubani wa majaribio hulikunja kwa makusudi, upande mmoja au mbele yote, kisha huacha mikono aone litafanya nini. Daraja A ndilo la anayeanza. Likikunjwa, linatakiwa lijifungue lenyewe bila kumtupa mtu, hata kama aliyekaa chini yake ameganda kwa hofu. Breki nazo zina kipimo: kwa uzito wa kilo 80 hadi 100, rubani na vifaa vyake vyote, aweze kuzivuta zaidi ya sentimita 60 kabla bawa halijapoteza upepo. Mikono ya mwanafunzi huvuta kupita kiasi. Sentimita hizo ndizo zinazomsamehe.

Nilizipenda sana karatasi hizo. Nikaziamini kupita kiasi.

Februari 2012 alikuja dada mmoja mgeni, ambaye alikuwa ameruka mara chache tu, na bawa la daraja A alilouziwa likiwa limetumika. Nilikuwa tayari mkaguzi msaidizi. Nikapitisha kamba zake kiganjani, zote nzima. Nikasoma lebo, uzito wake ukawa ndani ya kiwango. Nikamruhusu. Sikuipima nguo ya bawa, wala sikupima urefu wa kamba. Akiwa mita 15 hivi juu ya mahali pa kutua, alivuta breki kidogo apunguze mwendo, na bawa likaacha kwenda mbele. Lilibaki wazi, ukilitazama halina kasoro, lakini likashuka wima. Alivunjika kifundo cha mguu na pingili moja ya mgongo. Alipona, anatembea. Kosa lilikuwa langu.

Jioni tulilipima bawa lile. Kuna chombo kinachofyonza hewa kupitia kwenye nguo na kuhesabu sekunde. Nguo mpya huchukua mamia ya sekunde. Zikishuka kufikia kumi hivi, bawa limekwisha. Lile lilisoma saba. Jua lilikuwa limekula dawa iliyopakwa kwenye nailoni, hewa ikawa inavuja. Kamba za nyuma, zisizobeba mzigo mkubwa, zilikuwa zimesinyaa karibu sentimita tatu, ilhali za mbele zimebaki vilevile. Hivyo bawa lilikuwa limevutwa breki tangu lilipoinuka, kabla mwenyewe hajagusa chochote. Na bawa huelea kwa sababu linasonga mbele, likisimama, linaanguka.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba lilinionyesha dalili asubuhi ile. Bawa zuri la mwanafunzi hupanda taratibu unapolivuta, likasimama juu ya kichwa. Lile lilisitasita nyuma, dada akalazimika kulivuta mara tatu. Nilidhani ni ugeni wake. Tangu siku hiyo, simfungi mtu kwenye bawa linalochelewa kupanda hadi nilipime, hata upepo uwe mzuri namna gani.

Nilirudi Geita mwaka 2018. Mwaka jana kijana wa dada yangu alinijia na begi alilonunua mtandaoni.

"Mjomba, ni daraja A," akasema. "La kujifunzia. Nataka nijaribu kwenye kilima kile."

Hakuwa na mwalimu, wala kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mchana upepo kutoka ziwani huzidi nguvu pale. Lakini nilianza na bawa. Tulilitandaza uani, tukapima. Sekunde nne. Nikachukua sindano na mizani ndogo, nikavuta nguo kwa uzito wa gramu 600 ambao nguo salama huubeba bila kuchanika. Ilichanika. Alinitazama kwa hasira, kama wale wenye duara walivyokuwa wakimtazama baba mdogo. Niliketi, nikasubiri. Baada ya muda akanipa kisu mwenyewe, tukakata kamba zote ili asije mtu mwingine akaruka nalo.

Ndugu yangu unayetaka kuanza, lebo inaeleza bawa lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Mdai anayekuuzia karatasi ya ukaguzi ya karibuni, yenye sekunde za nguo na urefu wa kila kamba. Akikosa, usinunue.