Safu ya Kwanza Ndiyo Inaamua Nani Anapata

Wasee, nikionyeshwa orodha yoyote siku hizi nauliza kitu kimoja: imepangwa kwa nini kwanza, halafu kwa nini? Watu hudhani kupanga ni kazi ya kompyuta. Kompyuta inapanga, sawa, lakini kuna mtu aliiambia ianzie wapi. Hapo pa kuanzia ndipo penye pesa.

Chukua Olimpiki ya Paris 2024. Kenya tulimaliza nambari 17 na medali 11: dhahabu 4, fedha 2, shaba 5. Brazil walirudi nyumbani na medali 20 na bado wakawa nyuma yetu, nambari 20. Aje? Dhahabu zao zilikuwa 3. Jedwali lile hupangwa kwa dhahabu kwanza. Mkitoshana, fedha inaangaliwa. Mkitoshana tena, shaba. Hata kule juu ilifika hapo: Marekani na China walipata dhahabu 40 kila mmoja, ikabidi fedha iamue, 44 kwa 27. Sasa panga jedwali hilo hilo kwa jumla ya medali uone Brazil wakitupita mchana peupe. Hakuna mtu amekimbia mbio nyingine. Safu imebadilishwa tu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Python nimejifundishia hapa Dundori, kwa kompyuta ya kuazima, stima ikiwepo. Na kitu kilichonifungua macho kuliko zote ni hii hesabu ya kupanga mistari kwa safu zaidi ya moja.

Tuseme kuna wanafunzi watatu wanaoomba basari. Kila mmoja ana mstari wake, safu mbili: kiwango cha mahitaji, 1 hadi 5, na alama za mtihani. Kompyuta huhesabu kuanzia sifuri, kwa hivyo:

0: mahitaji 2, alama 71
1: mahitaji 5, alama 58
2: mahitaji 5, alama 64

Mtu mgeni kwa NumPy ataandika np.sort(jedwali, axis=0) aende kunywa chai. Akirudi atapata kila safu imepangwa peke yake, mistari imekatika vipande. Mstari wa mwisho utasema mahitaji 5, alama 71. Huyo mwanafunzi hayuko Dundori wala popote duniani. Ni mahitaji ya mmoja na alama za mwingine. Na programu haitalalamika hata kidogo.

Njia safi ni lexsort. Hii haigusi jedwali. Inakupa tu utaratibu wa mistari, nani atangulie nani afuate, halafu wewe unahamisha mistari mizima. Lakini ina tabia moja ya ajabu: safu unayoitaja mwisho ndiyo yenye nguvu. Ukiandika np.lexsort((-alama, -mahitaji)), mahitaji ndiyo yanaamua, alama zinavunja sare. Ile alama ya kutoa ni ya kufanya wakubwa watangulie. Unapata 2, 1, 0. Geuza uandike np.lexsort((-mahitaji, -alama)) na unapata 0, 2, 1. Yule mwenye mahitaji madogo kabisa ameruka kutoka mwisho hadi mbele. Kama pesa inatosha mtu mmoja, basi umebadilisha ni nani anarudi shule, kwa kuhamisha maneno mawili ndani ya mabano.

Sasa niwaambie kwa nini hii inaniuma. Kuna ofisi fulani, sitaitaja, iliyobandika orodha ya basari ukutani nikiwa bado chuoni. Ilikuwa imepangwa kwa jina, A hadi Z. Waliopewa walianzia juu, na pesa ikaishia kwenye M. Jina langu linaanza na W. Mnajua huku kwetu: Wanjiku, Waweru, Wambui, Wainaina, unapata robo ya darasa. Sote tulikuwa chini ya mstari. Sikuacha chuo kwa sababu ya hiyo karatasi peke yake, lakini ilichangia. Na nilipouliza nikajibiwa ati ndivyo kompyuta ilivyotoa.

Hilo jibu ndilo sikubali mpaka leo. Jina ni safu kama safu nyingine. Mtu akiiweka kwanza, amesema herufi ni muhimu kuliko karo, hata kama hakukusudia.

Na hata ukiweka mahitaji kwanza, jina linaweza kurudi kwa mlango wa nyuma. Lexsort ikikuta watu wametoshana kila safu, inawaacha vile ilivyowakuta. Kama orodha ililetwa ikiwa A hadi Z, basi ndani ya kila sare akina A bado wako mbele na akina W bado wako nyuma. Kwenye mahitaji, ambako kuna viwango vitano tu na waombaji mia kadhaa, sare ni nyingi kuliko unavyodhani. Ndiyo maana unahitaji safu ya mwisho iliyochaguliwa na watu: karo iliyobaki, au tarehe ya kuomba, au hata kura ya bahati nasibu mbele ya kila mtu. Kura ni bora kuliko alfabeti, kwa sababu kwenye kura mwaka ujao una nafasi nyingine. Alfabeti haitakuhurumia mwaka wowote.

Kwa hivyo wazazi, na nyinyi vijana mnaokaa kwenye hizi kamati: msikubali orodha bila kuambiwa safu zake kwa utaratibu. Ziandikwe juu ya karatasi kabla ya majina: kwanza hii, pili hii, sare inavunjwa na hii. Ni mstari mmoja tu wa maandishi. Mtu akikataa kuuandika, muulize anaficha safu gani.