Posho ya Nyuki Katika Nchi ya Chai

Msafiri atokaye Kericho kwenda Bomet, akipitia Litein na Kaplong, huona mashamba ya chai yakimfuata kilima baada ya kilima, mabichi mwaka mzima. Hudhani kwamba katika nchi kama hiyo nyuki hawaijui njaa. Sivyo. Mchai huchumwa kila baada ya wiki moja au mbili, wala haupewi nafasi ya kuchanua. Nyuki huuruka kama mgeni apitaye mbele ya mlango uliofungwa. Chakula chake hutoka katika mikalitusi iliyopandwa kwa kuni za viwanda, na katika miti ya asili, kama ule ambao Wakipsigis huuita silibwet.

Miti ichanuapo wakati wa kiangazi, mizinga hujaa. Mnamo Machi, kabla ya masika, mrina asali hupanda usiku na moshi wake. Saa hiyo ndiyo ya majaribu. Kijana mwenye deni la karo husema, "Baba, tutoe yote." Mzee hujibu, "Mwanangu, yale ya nyuma ni posho yao."

Jibu hilo lina maana. Masika yakishaanza, mvua huwafungia nyuki ndani siku nyingi, na baridi ya Juni hadi Agosti huja nyuma yake. Nyuki wa Ulaya hukusanyika na kungoja majira ya baridi yapite; nyuki wa Afrika akikosa akiba hangoji, bali kundi zima huhama. Aliyetoa yote Machi hupata karo ya muhula mmoja, na mwezi wa Agosti hukuta gogo tupu.

Basi mfugaji mwangalifu huacha masega yenye majana na chavua, pamoja na asali iliyo karibu nayo. Mzinga wa vijiti vya juu, uliobuniwa nchini Kenya katika miaka ya 1970, humrahisishia uchaguzi huo, kwa kuwa kila sega hutolewa peke yake. Kisha huezeka mzinga usiingiwe na maji, huinamisha mlango kidogo, hufyeka matawi yanayougusa ili siafu wasipate daraja, na huuning'iniza kwa waya mbali na makucha ya nyegere.

Kazi hiyo ni ya siku moja tu. Malipo yake huonekana kiangazi kirudipo, miti ikachanua, na mlango wa mzinga ukavuma tena.