Mpaka Mlangoni Tu

Sisi tunaohudumu ndani ya gari la wagonjwa hatujui mwisho wa habari nyingi tunazozianza. Daktari wa wodini humwona mgonjwa akipata nafuu siku baada ya siku, au humwona akizidiwa. Sisi hukaa naye nusu saa, saa moja, pengine saa mbili barabara ikiwa mbovu. Tunamfikisha kwenye mlango wa chumba cha dharura, tunaeleza hali yake, tunatia sahihi, tunaosha machela, na redio inatuita tena. Kama aliishi au alikufa, mara nyingi hatuambiwi.

Kituo chetu kiko kando ya barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa, ambako malori hupita usiku kucha. Watu hudhani kwamba ugumu wa kazi hii ni damu. Damu huzoeleka. Kisichozoeleka ni kutojua. Tungependa kueleza, kwa faida ya wapendwa wanaotuombea kila Jumapili, jinsi jambo hilo lilivyotufundisha kuamini.

Zamani, tulipoomba kabla ya zamu, tuliomba jambo moja tu: kila atakayeingia garini apone. Ni ombi jema, nasi hatujaliacha. Lakini lilikuja kutikiswa usiku mmoja wa mwezi wa Desemba, matatu na lori zilipogongana uso kwa uso. Tulikuwa watatu pamoja na dereva wetu. Majeruhi walikuwa 14.

Katika ajali ya namna hiyo, mhudumu haanzi na anayelia kwa sauti kubwa zaidi, kwa maana anayelia anapumua. Kwanza tunawaita wanaoweza kutembea wasogee kando. Hao hupewa alama ya kijani. Wenye majeraha yanayoweza kungoja hupewa ya manjano. Wanaovuja damu nyingi au kupumua kwa shida hupewa nyekundu, nao ndio hutangulia. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa hupewa nyeusi, nasi tunampita. Kanuni hiyo huokoa wengi. Lakini usiku ule mwenye alama nyeusi alikuwa na mkewe kando yake, na mama yule alitushika mikono ya nguo akisema, "Mbona mnampita mume wangu?" Hatua chache mbele yake palikuwa na kijana aliyekuwa akivuja damu pajani. Tukamfunga mkanda wa kubana damu, tukaandika saa tuliyoufunga, tukaendelea na mwingine.

Alfajiri tuliosha gari bila kusema neno. Mwenzetu mmoja, dada ambaye huimba katika kwaya ya kanisa lake, aliacha kuomba nasi tangu siku ile. Hakukasirika wala hakutoroka kazini. Wakati wa maombi alitoka tu, akaenda kuhesabu mitungi ya oksijeni. Tulipomuuliza alisema, "Tunaomba wapone, kisha hatujui kama walipona. Sasa tunajuaje kama tunasikiwa?" Hatukuwa na jibu la kumpa, na miezi mitatu ikapita hivyo.

Jibu lilianza kuja siku tulipousoma pamoja mfano wa Msamaria Mwema. Sote tuliufahamu tangu shule ya Jumapili, lakini hatukuwahi kuusoma kama watu wa kazi hii. Barabara ile ya kutoka Yerusalemu hadi Yeriko inateremka takribani mita 1,000, kupitia majabali na jangwa. Msamaria anamkuta majeruhi, na anachofanya tunakijua vizuri. Anafunga majeraha. Anatia divai na mafuta, dawa za siku zile za kusafisha na kutuliza. Anampakia juu ya mnyama wake, yaani anatembea kwa miguu ili mgonjwa asafiri. Anamfikisha kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi yake anamkabidhi mwenye nyumba, anatoa dinari mbili, ambazo ni ujira wa kibarua wa siku mbili, kisha anashika njia yake.

Dada yetu, aliyekuwa amekaa mlangoni, ndiye aliyesema: "Hata hapa hatuambiwi kama alipona."

Mwingine akamjibu kwamba Msamaria aliahidi kurudi. Ni kweli, aliahidi kurudi na kulipa gharama itakayozidi. Lakini mfano unaisha kabla hajarudi. Na Bwana Yesu alipomaliza kusimulia hakuuliza kama yule mtu aliishi. Aliuliza ni nani aliyekuwa jirani yake. Swali lilihusu ile sehemu ya barabara ambayo Msamaria alikuwa nayo mikononi.

Tangu hapo tumeona kwamba kukabidhi ni tendo la imani, na kwamba kukabidhi si kutupa. Anayetupa mzigo hageuki nyuma. Anayekabidhi hueleza kila kitu: umri wa mgonjwa, kilichompata na saa ngapi, majeraha tuliyoyaona, mapigo ya moyo, presha, dawa tulizompa, saa mkanda ulipofungwa. Neno moja likisahauliwa, mwenye kupokea anaanza gizani. Tunamwamini Mungu na daktari, na kwa sababu hiyohiyo tunaandika kwa herufi zinazosomeka.

Imani hiyo imetusaidia pia kujua lisilo letu. Siku moja tuliitwa sokoni, ambako kijana aliyeshukiwa wizi alikuwa amepigwa na umati mpaka akazimia. Wengine walitupigia kelele, "Mnamsaidia mwizi!" Mzee mmoja alitushauri tungoje, kwani kwa maoni yake alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Tulimwambia kwa heshima, "Mzee, kuhukumu si kazi yetu. Sisi tunatafuta pumzi." Mwendesha bodaboda mmoja akasogea na kutumulikia kwa simu yake mpaka tulipomaliza kumfunga kijana kola ya shingo. Huyo hakutuambia jina lake.

Na liko lililo letu ambalo hatuwezi kulinyamazia. Mara moja tulizuiwa kwenye lango la hospitali, tukiulizwa ni nani atakayelipa amana, huku mama aliyejifungulia njiani akiendelea kutokwa na damu. Mmoja wetu alikuwa akilisugua tumbo lake ili mji wa mimba ukaze, na mtoto alikuwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, asipatwe na baridi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Tuliwasomea hilo langoni, na lango likafunguliwa. Tazameni mpangilio wa Msamaria: majeraha kwanza, nyumba ya wageni baadaye, fedha asubuhi yake. Kanisa lenye zahanati au hospitali na liukumbuke mpangilio huo.

Mama yule tulimkabidhi akiwa bado anatuangalia. Mpaka leo hatujui zaidi.

Dada yetu amerudi kuomba nasi, ingawa ombi lake limebadilika. Huomba mikono yetu iwe tayari, macho yetu yasipite mtu kwa dharau, na wanaotupokea mlangoni wapewe nguvu. Kisha huwataja wagonjwa wa zamu iliyopita, mmoja mmoja, kwa namna tunavyowakumbuka: kijana wa paja, mama wa langoni, mume wa yule mama. Tunaitikia amina. Hatuombi tena kama watu wanaongojea barua ya majibu.

Mkono mmoja haulei mwana, wala hauponyi mgonjwa. Nanyi wapendwa mna sehemu yenu. Mkisikia king'ora, tupisheni. Mkikuta ajali, msimvute majeruhi ovyo, isipokuwa moto au hatari nyingine inamkaribia. Bonyezeni kwa kitambaa safi mahali panapotoka damu, na msiachilie mpaka msaada ufike. Jitoleeni damu, kwa sababu sisi twaweza kupunguza inayomwagika, lakini iliyokwisha kumwagika hurudishwa na ile mliyoitoa ninyi. Mkiisha kufanya hivyo, na mgonjwa akachukuliwa mbele ya macho yenu, nanyi hamtajua mwisho wake. Mtajeni mbele za Mungu jioni ile, kisha mlale kwa amani.