Usiku Mmoja Melini: Kutoka Bukoba hadi Mwanza

Sisi wakazi wa Nyamityobora, hapa Mbarara, si watu wa maji makubwa. Maji tuyajuayo ni ya mto Rwizi, ambao hauwezi kubeba chombo kikubwa kuliko mtumbwi. Na mwenye kushuka hadi Isingiro huliona ziwa Nakivale, dogo na la upole, wavuvi wakipita juu yake kwa makasia. Ndiyo sababu mtu wa kwetu akitamka kwamba atasafiri kwa meli, majirani huacha walichokuwa wakifanya ili wamsikilize.

Mwezi wa Agosti mwaka 2022 nilipata likizo ya kazini, nikaazimia kwenda Mwanza kumtazama ndugu yetu aliyeoa huko, nami nikachagua kupita Bukoba ili nivuke ziwa Victoria usiku. Nilikuwa nimesoma habari za zile meli kubwa zivukazo bahari ya Atlantiki kati ya Southampton na New York, ambamo abiria hukaa siku saba wakila, wakicheza dansi na kuogelea katika mabwawa yaliyojengwa juu ya sitaha. Sikutarajia bwawa. Nilitaka tu kujua maisha ya watu yanakuwaje pale ambapo nyumba, njia, duka na kitanda vyote vimo ndani ya chombo kimoja, na nje hakuna kitu ila maji.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Nakivale kwa shughuli za ofisi. Makazi hayo yamekuwa yakipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwanza kutoka Rwanda, na siku hizi wengi wao ni Wakongomani. Katika hao wamo waliozaliwa Uvira, Baraka na Fizi, kandokando ya ziwa Tanganyika, watu waliozijua meli tangu utoto. Mzee mmoja wa Baraka, aliyepata kusafiri kwa Liemba zamani, alinisikiliza nikimweleza safari yangu. Hakuniuliza nauli wala siku ya kurudi. Aliuliza, "Mwalimu, wataliandika jina lako?"

Nilimjibu, "Wataliandika, mzee."

"Hakikisha," akasema. "Sisi mwaka 1996 tulivuka usiku kwa boti ya mbao. Ilitangulia boti nyingine, mdogo wangu alikuwamo. Haikufika. Nilipofika ng'ambo nikauliza, nikaambiwa, nani alikuwamo? Mimi peke yangu ndiye niliyeweza kusema kwamba yeye alikuwamo."

Mimi nilifundishwa ualimu, na sasa kazi yangu ni ya madaftari. Najua kuita majina asubuhi darasani, kama vile wasomaji wetu askari wajuavyo kuitwa majina kwenye gwaride. Lakini sikuwa nimepata kulifikiria daftari kuwa kitu cha kumwokoa mtu, au cha kumrudisha kwa watu wake akishakufa.

Safari ya nchi kavu haina mengi. Basi hutoka Mbarara hadi Masaka kupitia Lyantonde, kisha huelekea kusini kwa Kyotera na kufika mpakani Mutukula. Mwenye hati halali ya kusafiria hagongi mwamba. Kutoka mpakani hadi Bukoba ni kama kilomita 80, na njiani unavuka daraja la Kyaka juu ya mto Kagera, lile lililolipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwezi Novemba 1978. Wazee wa pande zote mbili za mpaka bado wanaikumbuka vita hiyo kila mmoja kwa namna yake, na ndani ya basi letu walikuwamo wa pande zote mbili, wakimenya machungwa ya mfuko mmoja.

Meli niliyoipanda ina historia ndefu kuliko umri wangu. Iliundwa Glasgow, nchini Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari na reli hadi Kisumu, ikaunganishwa huko na kuanza kazi mwaka 1961 kwa jina la Victoria. Ilizunguka ziwa zima: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mali zake ziligawanywa, na meli hii ikawa ya Tanzania. Baada ya kukaa muda mrefu bila kazi ilikarabatiwa, ikarudi majini mwaka 2020 ikiwa na jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, na uwezo wa kuchukua abiria 1,200 na tani 400 za mizigo.

Kwenye kidirisha cha tiketi niliulizwa jina, umri, namba ya simu, na namba ya ndugu wa kupigiwa. Nikakumbuka swali la mzee wangu, nikafurahi. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja wa Kihaya mwenye watoto watatu: wawili wamesimama, wa tatu amelala mgongoni ndani ya kanga. Aliwataja wawili, akachukua tiketi, akageuka kuondoka. Karani akamwita, "Mama, na huyo wa mgongoni?"

"Huyo bado ananyonya, baba. Halipi."

"Halipi, lakini anaandikwa. Jina lake nani?"

Yule mama alicheka kidogo, akalitaja jina. Karani akaliandika. Watu wa nyuma walinung'unika kwamba foleni inacheleweshwa kwa ajili ya mtoto wa miezi sita, na nakiri kwamba jua lilikuwa kali. Mimi sikunung'unika.

Usiku ulipoingia tulipandishwa. Wenye uwezo walikwenda kwenye vyumba vyenye vitanda. Wengi wetu tulikuwa na viti katika ukumbi mpana wa chini. Katika muda wa nusu saa ukumbi ule uligeuka mtaa. Huku mama anatandika khanga sakafuni ili watoto walale, kule vijana wanacheza karata juu ya ndoo iliyofunikwa, pale mzee amekwisha kutawadha na anatafuta upande wa kibla, jambo ambalo melini si rahisi, maana chombo chenyewe kinageuka. Mgahawani walikuwa na wali, samaki na chai ya rangi. Mtu humjua jirani yake upesi melini kuliko kwenye basi, pengine kwa sababu hakuna dirisha la kutazama wala kituo cha kushukia.

Tulisimama Kemondo, na hapo nilitoka nikatazame. Ndizi! Mikungu kwa mamia, ikiwa bado mibichi, ilipitishwa kutoka begani hadi begani na kupangwa kwa ustadi ambao ungemfurahisha mpiga matofali. Ndizi za Kagera hulisha Mwanza. Baharia mmoja alinieleza kwamba kila mkungu lazima ujue mahali pake, kwa kuwa mzigo uliorundikwa upande mmoja huinamisha chombo, na mzigo mwingi juu na mchache chini ni hatari kuliko mzigo mzito. Alisema hayo bila kuulizwa, akitazama majini. Umri wake ulikuwa wa mtu aliyekuwa kijana mwaka 1996.

Njia hii tuliyokuwa tukipita ndiyo iliyokuwa ya MV Bukoba. Meli hiyo, iliyotengenezwa mwaka 1979, ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza, watu wakiwa wanaanza kukusanya mizigo yao ili washuke. Ilielea kwa muda, chini juu, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga mabati. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia ilitoka, ikazama. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Orodha ya abiria ilikuwa na majina ya watu 443. Hayo yalikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, walikokuwa wauza ndizi, wanafunzi na mama wenye watoto, halikuwa na orodha. Kwa sababu hiyo, hata leo hesabu ya waliokufa hutofautiana. Wako wasemao mia nane na zaidi, wako wasemao elfu.

Msomaji asidhani kwamba dhambi hii ya kumdharau abiria wa chini ni yetu sisi tu. Meli ya Titanic ilipozama Atlantiki mwaka 1912 ilikuwa na watu kama 2,200, na mashua za kuokolea watu 1,178 tu. Abiria wa daraja la tatu waliopona walikuwa kama robo. Mataifa yalikutana London, na Januari 1914 yakatia sahihi mkataba wa usalama wa baharini.

Liko tukio jingine ambalo familia za askari hapa Afrika Mashariki zingepaswa kulijua, nalo halisimuliwi sana. Mwezi Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na watu 1,511. Wengi wao walikuwa wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, namba 301, waliokuwa wakipelekwa vita vya Burma. Walikuwamo pia wauguzi wanawake. Tarehe 12, mchana, manowari ya Kijapani iliipiga kwa kombora la majini karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama katika muda usiofika dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Hakuna aliyerudi na mwili wa mzazi wake. Lakini jeshi lilikuwa na daftari la majina, na kwa hiyo ipo kumbukumbu jijini Nairobi, katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, ambapo mjukuu anaweza kwenda kumtafuta babu yake na kumkuta ameandikwa.

Nililala kidogo. Upepo wa ziwani usiku ni baridi, na hapa niwaambie kina mama watakaosafiri: chukueni blanketi, msitegemee khanga peke yake. Mwenye kichefuchefu akae katikati ya meli, ambako mtikisiko ni mdogo, na asisafiri na tumbo tupu. Tangawizi husaidia. Mtoto afungwe karibu na mzazi anapotoka kwenye sitaha. Na kabla ya kulala, muulizeni baharia yaliko maboya ya kuvaa, mkayaone kwa macho. Msiridhike kuonyeshwa kwa kidole. Mimi niliuliza, nikapelekwa, nikafundishwa kulivaa. Watu wawili waliokuwa karibu walinicheka, kisha wakaja nao kujaribu.

Nilipoamka saa kumi hivi, yule mama wa Kihaya alikuwa macho, ananyonyesha. Aliniambia kwamba huvuka mara kwa mara kupeleka kahawa na senene kwa dada yake. Nikamwuliza kama anaogopa. Akasema mama yake hakupata kupanda meli tena tangu mwaka 1996, hupita Biharamulo kwa basi hata akiwa mgonjwa, kwa sababu shangazi yao alikuwamo. "Tulijua amepanda kwa vile alituaga," akasema, "na kwa vile hakurudi."

Inasikitisha kwamba somo halikushika upesi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara, siku ya gulio. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Mkata tiketi alikufa maji, na mashine yake ya tiketi ikapotea pamoja naye. Hivyo ilibidi maiti zihesabiwe ndipo ijulikane walikuwamo wangapi. Orodha inayosafiri na chombo huzama na chombo. Yafaa nakala ibaki nchi kavu, mikononi mwa polisi wa bandari, kabla kamba haijafunguliwa.

Kulipopambazuka tuliyaona mawe ya Mwanza, makubwa, yamepandana kana kwamba mtoto wa jitu aliyaacha hapo baada ya kucheza. Watu walianza kukusanya mizigo. Nilitambua kwamba ilikuwa saa ileile na karibu mahali palepale, na nadhani si mimi peke yangu niliyetambua, kwa sababu ukumbi uliokuwa na kelele usiku kucha ulinyamaza. Kisha injini ikabadili sauti, gati likaonekana, wachukuzi wakaanza kuitana, na kila mtu akasema kwa pamoja.

Siku ya pili ndugu yangu alinipeleka Igoma, njia ya Musoma, kwenye makaburi ya watu wa MV Bukoba. Wengi walizikwa pale bila kutambuliwa. Pametulia; daladala hupita barabarani zikipiga honi kama kawaida. Kila mwaka tarehe 21 Mei watu huja, na wengine, alinieleza ndugu yangu, hawajui wasimame wapi, basi huweka maua popote. Nilikaa pale nusu saa. Kisha tulirudi mjini nikakate tiketi ya kurudia, na karani aliponiuliza namba ya ndugu wa kupigiwa, nilimpa mbili: moja ya Mwanza, na moja ya Nyamityobora.