Mkoa wa Saratov, Kando ya Mto Volga

Tazameni ramani ya Urusi, kusini-mashariki mwa sehemu yake ya Ulaya. Hapo mto Volga, ulio mrefu kupita mito yote ya Ulaya, unaukata mkoa wa Saratov vipande viwili. Upande wa magharibi ni inchi ya vilima. Upande wa mashariki ni mbuga tambarare na kavu, yenye kwenda hadi mpaka wa Kazakhstan. Mji mkuu, Saratov, uko magharibi. Ng'ambo yake uko mji wa Engels. Mkoa, ambao Warusi huuita oblasti, ulifanywa mwaka 1936, nao umegawanywa katika wilaya.

Lakini mipaka hiyo ina machozi yake. Tangu mwaka 1763 Malkia Katarina wa Pili aliwaita wageni waje kulima kando ya Volga. Wakaja Wajerumani, Waprotestanti na Wakatoliki, kila dini na vijiji vyake. Mwaka 1924 walipewa jamhuri yao ndogo, na makao yake yakawa Engels. Tarehe 28 Agosti 1941, wakati wa vita, serikali ya Stalin iliamuru wahamishwe wote, wazee kwa watoto, mpaka Siberia na Kazakhstan. Jamhuri ikafutwa, na sehemu yake kubwa ikatiwa katika mkoa wa Saratov. Hata majina hayakuachwa: kijiji cha Wakatoliki kilichoitwa Mariental, yaani Bonde la Maria, leo ni Sovetskoye.

Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili aliufanya mji wa Saratov kuwa makao ya jimbo la Mtakatifu Klementi. Jimbo hilo lapita mbali mipaka ya mkoa, hadi milima ya Kaukazi. Waumini ni wachache, nao mapadri husafiri mwendo mrefu kwenda kuwasomea Misa.