Spika Nne, Amplifaya Moja

Siku hiyo baba alikuwa kazini Kilindini, nami nikajitia fundi. Nilitaka nyanya, ambaye haondoki kitandani, asikie taarabu chumbani kwake kama sisi sebuleni. Nikapitisha nyaya darini, nikaunga spika nne za omu 8, zote sambamba. Loo! Amplifaya ikachemka, ikanuka, kisha kimya!

Mwalimu wa fizikia akanifafanulia: 8 gawanya kwa 4 ni omu 2, na amplifaya yetu haitaki chini ya 4. Basi nikaunga mbilimbili kwa mfuatano, kila jozi omu 16, kisha jozi zote mbili sambamba. Ikawa omu 8. Fyuzi ilikula nauli yangu, nikawa natembea kutoka Likoni hadi Mtongwe.

Nyanya akaniita, "Mjukuu wangu, hebu punguza kidogo."

Baba atajua akisoma jarida hili.